Mfuko mdogo wa pensheni uulizwe kwanza siku ya kulipa, ndipo uulizwe faida

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyochapa majuzi kuhusu mifuko midogo ya pensheni ambayo wafanyakazi na patroni wao huiendesha wenyewe, nami naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu. Mwandishi wenu alitueleza kwamba huko Uingereza mfuko wa namna hiyo unaruhusiwa kununua jengo ambamo kampuni yenyewe inafanyia kazi, na hata kuikopesha kampuni hiyo fedha za wanachama, kisha akawashauri mapatroni wa Lubumbashi waige mfano huo ili makuta yasilale banki bure. Alichokisema ni kweli, ila ameishia katikati, na sehemu aliyoiacha ndiyo iliyotuumiza sisi.

Mimi ni mhasibu wa karakana moja iliyo katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, inayokarabati pampu na mota za umeme za migodi. Katika mfuko wetu tuko watu 9, patroni akiwa mmojawapo. Tulianza kuchanga Februari 2011, tukiwa na nia ya kujiongezea kidogo juu ya kile kitakachotoka CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambako leo, kwa tawi la pensheni, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri naye huongeza asilimia 5. Kila mmoja wetu anajua maisha ya wazee waliostaafu katika mji huu, na hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Mwaka 2016 patroni alitushauri tununue depo, yaani ghala, iliyopakana na ukuta wa karakana, kwa kuwa karakana ilikuwa inatafuta mahali pa kuhifadhi mota na ilikuwa tayari kutulipa kodi kila mwezi. Tulikubali wote. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga hesabu na kuwaonyesha wenzangu kwamba kodi ile ingetupa zaidi ya riba yoyote ya banki. Hesabu zilikuwa sahihi, na kodi ililipwa. Baadaye kidogo tukaikopesha karakana fedha za kununulia mashine, kwa makubaliano ya mdomo na karatasi moja iliyopigwa muhuri wa karakana yenyewe.

Septemba 2022 mzee wetu wa kwanza alitimiza miaka 60. Alikuwa bobineri, yaani fundi wa kusuka upya nyaya za shaba ndani ya mota zilizoungua, na mota nyingi zinazozunguka hadi leo katika migodi ya Likasi na Kolwezi zimepita mikononi mwake. Alikuja ofisini kwangu asubuhi akiwa na daftari la shule ambalo alikuwa ameandika humo, kwa biki nyekundu, kila mchango wake tangu mwezi wa kwanza: mistari 140, na mbele ya kila mstari tiki ndogo niliyomwekea mimi wakati wa kupokea. Aliliweka mezani, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaketi kusubiri. Kwa kuwa alikuwa na mshahara mkubwa kuliko wenzake na hakuwahi kukosa hata mwezi mmoja, haki yake ilifika dola 19,500, yaani robo kamili ya mfuko mzima, uliokuwa na dola 78,000. Katika hizo, dola 60,000 zilikuwa depo, dola 11,000 zilikuwa deni la karakana, na banki palikuwa na dola 7,000 tu.

Tulimpa zile 7,000 zote. Dola 12,500 zilizobaki tulimlipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi 16, kila kodi ilipoingia na kila karakana ilipojaliwa kulipa sehemu ya deni lake. Tulijaribu kuuza depo, na mnunuzi aliyejitokeza, akiisha kupata habari kwamba tumebanwa, alitaja dola 38,000 na hakupanda hata kidogo. Katika miezi ile 16 nilimwona yule papa, mzee wetu aliyetufundisha kazi sisi wengine wote, akisimama getini na daftari lake kwapani kuulizia fedha zake mwenyewe kama mtu anayeomba msaada. Hakuna aliyemwibia. Wala uwekezaji wetu haukupata hasara: tukitazama vitabu, mfuko ulikuwa tajiri kuliko wakati wowote. Lakini ulikuwa tajiri wa kuta na mabati, naye alikuwa amefika siku ya kulipwa kwa noti.

Hilo ndilo jambo ninalotaka wasomaji wenu walipime kabla ya kufuata ushauri wa makala ile. Katika mfuko mkubwa wa taifa, mtu mmoja akistaafu, maelfu wanaoendelea kuchanga wanambeba bila hata kusikia uzito. Katika mfuko wa watu 9 au 11, mtu mmoja anaweza kuwa robo au theluthi ya mali yote, na tarehe atakayoondoka inajulikana tangu siku alipojiandikisha, kwa kuwa mwaka wake wa kuzaliwa umo katika fomu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kitu fulani kitazaa asilimia ngapi, mfuko mdogo unapaswa kuuliza kitageuka fedha lini, kwa bei ya nani, na jina la nani limeandikwa kwenye karatasi yake.

Sasa nirudi kwenye mfano wa Uingereza. Mwandishi wenu hakuwaambia wasomaji kwamba ruhusa ile imezungushiwa ukuta pande zote. Mfuko unaohusika ni ule wenye wanachama wasiozidi 11, nao wote ni wadhamini wa mfuko wao, na uamuzi wa kuweka fedha kwa mwajiri hupitishwa kwa kauli moja. Akipinga mmoja, basi. Mkopo kwa kampuni hauruhusiwi kuzidi nusu ya thamani halisi ya mali ya mfuko. Riba yake lazima iwe juu ya wastani wa riba ya msingi ya mabanki makubwa kwa asilimia 1 au zaidi, ulipwe wote ndani ya miaka 5, kwa marejesho yaliyo sawa kila mwaka, na uwekewe rehani ya kwanza juu ya mali yenye thamani isiyopungua deni na riba yake, maana yake kampuni ikifilisika mfuko ndio unaotangulia kulipwa kutoka mali hiyo, mbele ya mabanki na wadai wengine wote. Kununua hisa za kampuni ya mwajiri kunaishia chini ya asilimia 5 ya mfuko. Jengo la biashara linaruhusiwa, lakini kampuni inapopanga humo inalipa kodi ya soko, ile ambayo mpangaji wa mbali asiyefahamiana na mtu yeyote angelipa. Na nyumba ya kuishi inatozwa ushuru mzito kiasi kwamba hakuna mwenye akili anayeigusa. Anayevunja masharti haya hupigwa ushuru wa asilimia 40 ya kile kilichotoka kinyume cha utaratibu, na huo ni mwanzo tu, maana unaweza kuongezewa mwingine juu yake.

Masharti haya yana historia. Robert Maxwell, tajiri aliyemiliki magazeti ya Mirror, alipofariki Novemba 1991, iligunduliwa kwamba mamia ya mamilioni ya pauni za pensheni za wafanyakazi wake yalikuwa yametumika kuzishikilia kampuni zake zisianguke. Wazee waliofanya kazi maisha yao yote walijikuta hawajui kama watalipwa. Sheria ya pensheni ya mwaka 1995 ilitokana kwa kiasi kikubwa na kilio kile, na mifuko ya kawaida huko imewekewa kikomo cha asilimia 5 kwa mali yoyote inayomhusu mwajiri. Mifuko midogo ya watu 11 iliachiwa nafasi kubwa zaidi kwa sababu moja tu, kwamba kila mwenye fedha anakaa mezani na ana uwezo wa kusema hapana. Na sisi, Bwana Mhariri, tujiulize kwa ukweli: katika karakana ya Kampemba au ya Ruashi, ni fundi gani atakayenyoosha mkono mbele ya patroni na kusema hapana, ilhali kesho asubuhi anamhitaji patroni huyohuyo ampe kazi?

Huku kwetu liko jambo jingine linalofanya mkopo kwa mwajiri uwe wa hatari kuliko kule. Mji wetu unaishi kwa shaba. Katikati ya mwaka 2008 tani moja ya shaba iliuzwa kwa zaidi ya dola 8,000, na kufikia Desemba ya mwaka huohuo bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 3,000. Migodi mingi ya Katanga ilisimamisha kazi, na waliofuata kufunga walikuwa ni wale wanaoihudumia: karakana, wenye malori, wenye depo, wapishi wa kambi. Februari 2025 serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, sisi wa pampu na mota tulikaa tukihesabu tena oda zilizoahirishwa. Mfanyakazi wa karakana kama yetu tayari ameuweka mshahara wake wote juu ya shaba. Akiukopesha mfuko wake kwa karakana hiyohiyo, basi siku atakapokosa kazi ndiyo siku ambayo mfuko nao utakosa cha kumlipa. Na hata depo tuliyoinunua haikuwa nje ya shaba kama nilivyodhani: kodi za maghala katika Kampemba hupanda migodi inapopanda na hushuka inaposhuka, na wanunuzi hupotea katika mwezi uleule ambao muuzaji anawatafuta. Sikulitazama hilo mwaka 2016, na ilikuwa kazi yangu kulitazama.

Kuhusu ardhi na majengo nina neno zaidi, kwa sababu najua wasomaji wengi wakisikia kuwekeza wanafikiria kwanza parseli, yaani kiwanja. Ni tamaa inayoeleweka. Anayekumbuka fedha za Zaire anajua kwa nini watu waliziamini tofali kuliko noti: mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kwa franga 1 ya Kongo, hivi kwamba aliyekuwa na zaire bilioni 300 kabla ya mabadiliko ya kwanza alibaki na franga 1 baada ya mabadiliko ya pili. Aliyekuwa na nyumba alibaki na nyumba. Lakini sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya taifa, na kile tunachokiita kununua ni kupata konsesioni, yaani haki ya kuitumia ardhi hiyo. Konsesioni ya kudumu hupewa raia wa Kongo kama mtu binafsi. Chama, kampuni au mfuko hauwezi kuipata; unapata konsesioni ya kawaida, ambayo ile ya muda mrefu kabisa haizidi miaka 25, ingawa inaweza kurudiwa.

Ndipo makundi mengi yanapojikwaa. Ili wapate konsesioni ya kudumu, au kwa sababu tu mfuko haujaandikishwa popote na hauna jina mbele ya sheria, wanaandikisha parseli kwa jina la mtu mmoja, kwa kawaida patroni au mzee wa kundi. Sisi tulifanya hivyohivyo, na cheti cha kuandikisha cha depo yetu kina jina la patroni. Patroni wetu ni mtu mwaminifu, na nasema hivyo bila kulazimishwa. Lakini uaminifu hauandikwi kwenye cheti. Angefariki mwaka 2020, wakati wengi walipofariki, watoto wake na ndugu zake wangeikuta depo katika mali ya baba yao, na cheti cha ardhi kikishapitisha miaka 2 hakipingwi tena kwa urahisi. Anayelalamika anaambiwa adai fidia. Tungekwenda mahakamani na daftari la biki nyekundu dhidi ya cheti cha serikali. Kwa hiyo neno langu kwa kundi lolote ni hili: kama mfuko wenu haujapewa utu wa kisheria, iwe kama chama kisicho cha faida au kama mutualité, yaani chama cha kusaidiana, chini ya sheria ya tarehe 8 Februari 2017, msiguse ardhi kabisa. Mkishaupata, mwandikishe mali kwa jina la mfuko, hata kama konsesioni itakuwa ya miaka 25. Miaka 25 iliyo yenu inazidi milele iliyo ya mtu mwingine.

Na kama baada ya haya yote bado wanachama wanataka kuikopesha kampuni, basi rehani iandikwe kwa notari na kusajiliwa katika ofisi ya hati za ardhi. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na sheria zake za dhamana zinamlinda anayekopesha, lakini zinamlinda yule aliyesajili tu. Karatasi yetu ya muhuri wa karakana haikuwa na thamani yoyote kupita urafiki.

Wapo watakaoniuliza tuweke wapi basi. Naomba nizungumze kwanza juu ya mahali ambapo watu hawapendi kupasikia, yaani amana ya muda katika banki, ile ambayo maofisa wa banki wanaiita DAT. Riba yake ya dola ni ndogo, na inakatisha tamaa kwa kijana wa miaka 25. Lakini ina sifa ambayo depo haina: inakatwa vipande. Mfuko wa dola 78,000 unaweza kuwa na amana 6 zinazoiva katika miaka tofauti, moja ikiiva miezi miwili kabla ya mwanachama fulani kustaafu, nyingine kabla ya mwingine. Hakuna anayeweza kuuza kona moja ya depo. Zaidi ya hayo, amana zinaweza kugawanywa katika mabanki mawili au matatu, na watu wa kutia sahihi wakawa watatu, sahihi mbili zikitosha kutoa. Jamaa zetu wa Goma walioona mabanki yakifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, na wale wa Bukavu walioyaona yakifunga mwezi uliofuata, wanajua kwamba hata fedha iliyo salama kwenye akaunti inaweza kukaa mbali na mkono wa mwenyewe. Kiasi fulani, tuseme malipo ya miezi mitatu ya wale waliokwisha kustaafu, kiwe mahali panapofikika hata tawi la mtaani likifungwa, na mmoja wa wenye sahihi awe na uwezo wa kufika katika mji mwingine.

Mahali pa pili ni hati za Hazina, ambazo kwazo serikali hukopa fedha kwa watu, na ambazo ilianza tena kuziuza mwaka 2019 kwa mnada unaosimamiwa na Banki Kuu. Mfuko mdogo unaweza kuomba kupitia banki yake. Zipo za miezi michache, zipo za mwaka na zaidi, na katika miaka ya karibuni zimetolewa pia za dola. Riba ya zile za franga inavutia macho, lakini mwanachama anayenunua mafuta ya kupikia na saruji kwa bei inayofuata dola asisahau kwamba mwaka 2019 dola ilikuwa inakaribia franga 1,700 na mwaka 2024 ilikuwa inakaribia franga 2,800. Riba inaweza kuwa kubwa na bado isifike pale ilipokimbilia dola. Mimi ningeweka huko sehemu, ya muda mfupi, na nisingeweka fedha ya mtu anayestaafu mwaka huu.

Soko la hisa hatuna hapa Kongo. Nairobi wanalo tangu mwaka 1954 na Dar es Salaam lilianza kuuza hisa mwaka 1998, na wapo wanaotushauri tununue kule kupitia dalali. Kwa mfuko mkubwa wenye vijana wengi sikatai. Kwa watu 9 wenye mhasibu mmoja, gharama za kutuma, kubadilisha fedha mara mbili na kufuatilia kutoka mbali zitakula faida kabla haijafika.

Bima ya maisha inastahili kutazamwa vizuri kuliko tulivyoizoea. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 iliuondoa ukiritimba wa kampuni moja, ikaunda ARCA kama msimamizi, na tangu 2019 kampuni mbalimbali zimepewa leseni. Faida ya mkataba wa bima kwa kundi dogo ni kwamba mtu akiishi miaka 95 kampuni ya bima ndiyo inayoendelea kumlipa, wakati mfuko wetu ungekuwa umekwisha kukauka. Kinachotakiwa ni kudai kuona leseni ya tawi la maisha, kwa kuwa leseni ya bima ya magari haitoshi, na kusoma mkataba hadi mwisho, hasa ukurasa unaoeleza kitakachotokea mkiacha kulipa katikati.

Juu ya banki lambert, yaani ukopeshaji wa mtaani kwa riba kubwa, sitaki kutumia maneno mengi. Ninajua mifuko miwili ya pensheni katika mji huu iliyoanza kukopesha watu wa nje kwa riba ya mwezi, na ninajua mmoja ambao haupo tena. Wazee wetu waliona mpango wa upatu ulioitwa Bindo mwaka 1991 na ahadi zake za kurudisha fedha mara kadhaa, na waliopoteza pale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka kusubiri. Fedha ya uzeeni haina umri wa kupotea na kutafutwa upya.

Wanachama kukopeshana wenyewe kwa wenyewe ni jambo zuri, lakini lina nyumba yake, nayo ni likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu. Tumezitenganisha. Anayehitaji fedha za shule au za matanga anakwenda kwenye likelemba, ambako kila mtu anachanga kiasi anachoweza kukiona kikiondoka. Daftari la pensheni haliguswi kwa ajili ya shida za mwezi, hata shida ziwe za kweli, na mara nyingi ni za kweli.

Baada ya kumaliza kumlipa yule papa mwanzoni mwa 2024, tulikaa tukaandika upya kanuni zetu kwenye kurasa mbili. Niliwachorea wenzangu kwenye ubao wa karakana, ule tunaoandikia namba za mota, majina yetu sote kwa mpangilio wa miaka ya kustaafu, na mbele ya kila jina kiasi kinachokadiriwa. Palikuwa na ukimya mrefu, kwa sababu kila mmoja aliona kwa mara ya kwanza kwamba watatu kati yetu wanaondoka ndani ya miaka 4 na kwamba kijana wetu wa mwisho hataondoka kabla ya 2051. Kutokana na ubao ule uamuzi ulijitokeza wenyewe. Fedha za wale watatu zikae kwenye amana na hati za Hazina za dola zinazoiva kabla ya tarehe zao. Fedha za vijana zinaweza kubaki katika depo, kwa kuwa wao wanaweza kusubiri mzunguko wa shaba ushuke na kupanda tena. Jengo lisizidi theluthi moja ya mfuko, na kwa kuwa leo bado limezidi, michango yote mipya inakwenda kwingine hadi tutakapofika pale. Mkopo kwa karakana hautatolewa tena bila rehani iliyosajiliwa, na kura ya mkopo inapigwa kwa siri, patroni akiwa nje. Patroni mwenyewe ndiye aliyependekeza hili la mwisho, nami nilimheshimu zaidi siku ile kuliko katika miaka yote ya nyuma.

Cheti cha depo kinahamishwa sasa kwenda jina la mfuko. Kazi hiyo imetuchukua miezi mingi ya kwenda na kurudi ofisi za ardhi, na gharama zake tumezigawana sote.

Naomba gazeti lenu, likirudi kwenye jambo hili, lichape masharti ya Uingereza yote pamoja na ruhusa zake, na limuulize mwanasheria wa hapa Lubumbashi aeleze namna kikundi cha watu wachache kinavyoweza kuandikisha mfuko wake bila kutumia fedha nyingi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoanzia kukosea. Kwa upande wetu, mwenzetu anayefuata ni mama wa stoo, anayetimiza miaka 60 Agosti 2027. Amana yenye jina lake inaiva Juni.

Wenu mtiifu,
Mhasibu na mweka hazina wa mfuko,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi